Sasa Nachora Watu, Baba

Lukole, Ngara

Baba yangu,

Assalamu alaykum. Shikamoo, na Mama naye shikamoo. Kifua chako bado kinakubana mvua zikianza? Na mguu wa Mama umeshuka uvimbe? Aliyeniletea habari zenu mara ya mwisho alisema tu "wazima", na neno hilo halikunitosha. Sisi huku hatujambo kweli. Yasini mume wangu amepata kazi ya kutengeneza mabomba ya maji, na ile homa iliyomlaza imemwacha. Nyumba yetu ni ya miti na udongo, juu tumefunika shitingi ya plastiki. Mvua ikinyesha mimi na yeye tunasemeshana kwa kupiga kelele kama tuko sokoni, lakini haivuji.

Baba, nina neno ambalo nataka ulisikie kwangu kabla mtu hajakuletea. Sasa nachora watu.

Uliponifundisha kuandika vibao vya maduka hapo nyumbani Buyenzi uliniambia herufi haina roho, na mwenye roho aachiwe Aliyemuumba. Nililishika hilo. Hata wenye saluni walipotaka kichwa cha mtu ukutani, tuliwachorea mkasi na kitana, wakaridhika. Nilipofika kambi hii ya wakimbizi shirika moja la afya likanichukua niandike vibao: chemsha maji, nawa mikono. Niliviandika kwa mkono ulionipa wewe, vikapendeza. Siku moja nikamkuta mama mmoja amesimama mbele ya kibao changu na dumu la maji ya mtoni, anakitazama kwa heshima kabisa. Nikamwuliza kinasemaje.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Lakini ni kizuri."

Akajitwika dumu lake, akaenda zake kuwanywesha watoto maji yale. Sikuweza kulala vizuri, Baba. Wa shirika walikuwa wameshaniomba nichore watu nikakataa; waliponiomba tena, nikakubali. Kama nimekosea, nihukumu ukishasoma yote.

Mwanzoni watu wangu walikuwa kama nguo zilizoanikwa kambani. Wote sura moja, na mikono imening'inia. Wanawake wa bombani walicheka hadi wakashika mbavu: "Huyu mkono wake unafika chini bila kuinama!" Basi nikawa nakwenda kukaa pale bombani, natazama tu. Nikaona mtu akibeba dumu kwa mkono wa kulia, bega la kushoto linapanda, na kiuno kinasogea kuufuata uzito. Nikaona macho hayako juu ya kichwa kama nilivyokuwa nikiyaweka, yako katikati. Hilo nililihakikisha kwa kupima uso wa Yasini kwa uzi akiwa amejilaza mchana. Akafungua jicho moja akaniuliza, "Unanikatia sanda?" Tangu hapo watu wangu wakaanza kuwa watu.

Kisha akaja Salumu. Huyu ni Mtanzania wa Biharamulo mjini, wa wale wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani, naye ndiye mwenye kamera ya video ya shirika. Kwaya ya Wakatoliki wa mtaa wetu ilikuwa imetunga wimbo wa kuwafundisha watoto wanaopotezana na wazazi wao njiani. Maneno yake ni haya:

Ukipotea, mwanangu, simama usikimbie,
Taja jina lako, mtaje mama, watu wasikie,
Taja na kilima chenu, anayepita akijue.

Salumu akasema tuutengenezee picha zinazotembea. Nilidhani ananitania. Kumbe inawezekana. Unamchora mtu kwenye karatasi ngumu, unamkata mikono na miguu, unaviunga kwa uzi, unamlaza mezani chini ya kamera. Salumu anabonyeza, anaachia. Unausogeza mguu kidogo, anabonyeza tena. Siku nzima ya kazi hiyo, na mtu wako amevuka meza tu.

Tulipomtazama kwa mara ya kwanza yule mama wa kwenye wimbo anayemtafuta mwanawe, Salumu akatikisa kichwa. "Dada Zaituni, huyu anateleza. Hatembei."

Nikamwendea jirani yangu Spes. Spes ni mwanamke wa shamba, hana mume tena. Njiani wakati wa kukimbia aliokota mtoto wa kike aliyekuwa amekaa peke yake kando ya barabara, akambeba mpaka huku. Mtoto huyo hakuwa anasema. Anasikia vizuri, anafanya unachomtuma, lakini neno halitoki. Spes alimwita Kadogo, kwa kuwa hakuwa na jina lingine la kumwita. Nikamwomba Spes atembee taratibu mbele yangu na mzigo wa kuni kichwani, nijifunze.

"Nitatembea," akasema. "Lakini sura yangu usiiweke. Kuna watu sitaki wajue niko wapi."

Basi akatembea, anakwenda na kurudi, na Kadogo nyuma yake ameshika ncha ya kitenge. Mwendo ule nikauweka kwa mama wa kwenye picha, na sura nikabuni.

Mara ya kwanza kuunganisha picha na wimbo tuliharibu. Mama alimpata mwanawe wakati kwaya bado inaimba kwamba amepotea. Mwalimu wa kwaya alikasirika, nasi tukarudia karibu nusu ya kazi. Safari ya pili tuliwaomba waache nafasi tupu baada ya ubeti, ili watoto wanaotazama wajibu kwa kutaja majina yao.

Tulionyesha mchana, kwenye banda la kugawia chakula, tumeziba madirisha kwa mablanketi. Watoto walijaa mpaka mlangoni. Ilipofika ile nafasi wote wakapiga kelele kwa pamoja, hakuna kilichosikika ila vurugu na vicheko. Wakaomba turudie. Tukarudia, wakapiga kelele tena, kisha wakanyamaza maana mama wa kwenye picha alikuwa anakuja.

Hapo ndipo Kadogo aliposimama. Akasema kwa Kirundi, polepole kama mtu anayesoma: "Mimi ni Inamahoro. Mama ni Konsolata. Kwetu ni kilima cha Gasenyi."

Salumu hakukijua Kirundi, akaniuliza mtoto amesema nini.  Lakini mimi nilikuwa namtazama Spes. Hakupiga vigelegele, hakulia. Aliketi chini kwenye vumbi. Nikaelewa, Baba. Mtoto asiye na jina alikuwa wake. Mwenye jina na kilima ana kwao.

Nilifikiri atanyamaza, na moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba akinyamaza nami nitanyamaza. Kesho yake nikamkuta anatoka kwenye ofisi ya kutafutia watoto ndugu zao, peke yake, kitenge amekifunga vizuri kama anayetoka kanisani.

"Umewaambia?" nikamwuliza.

"Nimewaambia."

"Nilidhani hutakwenda."

"Hata mimi. Lakini asubuhi alipoamka aliniita mama. Ndiyo mara yake ya kwanza. Sasa nitaitikaje, na mwenye jina hilo labda anamlilia mahali?"

Majibu yalichelewa sana. Konsolata alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Lakini mdogo wake wa kike, mama mdogo wa mtoto, alipatikana, tena si mbali: yuko Keza, kwa familia ya wakulima Wakatoliki wa huko, anawapalilia migomba na kahawa, nao wamempa chumba. Alikuja kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani. Alipoingia, Inamahoro alimsogelea, akamwambia, "Unacheka kama mama." Na mama mdogo hakuwa hata anacheka, midomo ilikuwa inamtetemeka.

Siku ya kuondoka Spes alimwogesha mtoto, akampaka mafuta ya kupikia ya mgao mpaka akang'aa. Mama mdogo akampigia Spes magoti, akamwambia, "Kwangu ni kwako. Ukipata kibali cha kutoka kambini, njoo." Tukawasindikiza mpaka njia panda. Mtoto aligeuka, akasema kwaheri kwa sauti, akamtaja kila mmoja wetu kwa jina. Kumbe alikuwa anatujua sote.

Juma lililofuata Spes akaja kwangu na kusimama mlangoni. "Nichoree mwanangu," akasema.

Nikamchora bila kuwa naye mbele yangu, na jambo hilo zamani nisingeliweza. Nilimweka kama alivyozoea kukaa, mlangoni kwa Spes, amekumbatia magoti, midomo imefumbwa. Spes akaishika karatasi, akaisogeza kwenye mwanga.

"Ni yeye," akasema. "Hata kidole gumba amekificha hivyo hivyo. Lakini mfungue mdomo."

Nikaufuta mdomo kwa kipande cha kandambili, nikamchora upya, anasema. Spes akaichukua akaondoka nayo kwake.

Hayo ndiyo yangu, Baba. Ukinikataza nitakusikiliza, ila naomba unikataze mwenyewe kwa barua ya mkono wako, usimtume mtu. Mama nambusu mikono. Shangazi Mwamini mpika vitumbua mwambie huku hakuna wa kumfikia. Mjomba Ramadhani fundi wa baiskeli naye umsalimie, na mdogo wangu Hawa umpe pole na hongera ya kujifungua. Nimesikia ni mtoto wa kike. Yasini anawaamkia nyote.

Mungu awaweke mahali pakavu.

Ni mimi mwanao,
Zaituni