Diski Mpya ya Kamera za Tata

Jumanne. Mvua imeanza mchana kama kawaida ya Kisii na mpaka sasa haijachoka. Mimi ndiye nimechoka. Nimefunga duka mapema nikasingizia mvua, lakini ukweli ni kwamba leo sikutaka kumuuzia mtu yeyote kitu chochote.

Shajara, nimekukimbia tangu tumzike Tata. Tata ni baba yangu. Kwetu Gesima ndivyo tunavyowaita baba zetu, na siwezi kuanza kumtafutia jina lingine sasa. Alizikwa Ijumaa iliyopita. Watu walikuwa wengi hata hema hazikutosha, na kila aliyenishika mkono alisema ni mazishi ya heshima. Nami nilikuwa nimesimama pale, kitambaa mkononi, nikiwachukia wote.

Ngoja nieleze kabla hujanihukumu.

Mwishoni mwa mwaka jana mtu aliingia shambani akakata ndizi za Mama zilizokuwa zimekomaa, mkungu baada ya mkungu. Ndugu yangu Onchari, ambaye ni mlinzi huko Qatar, alikasirika utadhani amekatwa yeye. Akagharamia kamera za boma zima pamoja na ile mashine ya kurekodi inayokaa juu ya kabati sebuleni. Mimi na yeye tukawekewa kwenye simu, tukawa tunaweza kuliona boma tukiwa popote.

Mwanzoni Tata hakuzipenda. Alisema amezeeka bila kuchungwa kama ndama, hataanza leo. Kisha akazizoea. Akawa kila akipita chini ya kamera ya mlangoni anainua kofia. Hakujua kama kuna mtu anayemwangalia saa ile. Alisalimia tu, kwa sababu Tata hakuweza kupita mahali bila kusalimia.

Alipofariki, kitu nilichotaka ni hicho. Si picha ile ya kwenye programu ya mazishi, ambamo amekunja uso kama anadaiwa. Nilitaka Tata mnene, mwenye gambuti miguuni, anayeinua kofia.

Siku ya kwanza ya matanga nilijificha jikoni na simu nikamtafuta. Nikampata, mwezi wa Januari, anatoka kuchuma majani chai. Kofia juu, kofia chini. Nilimwangalia mpaka mchele ukaungua. Siku iliyofuata nikarudi kumtafuta na hakuwepo. Januari yote haikuwepo. Nilidhani simu imeharibika.

Nikampigia fundi Ouma. Duka lake liko karibu na langu hapa mjini. Ni mtu wa Homa Bay, mpole, na ndiye aliyezifunga kamera zile.

"Pole sana, madam," akasema. "Hiyo mashine inarekodi kitu ikisonga pekee. Diski ikijaa, inafuta ya zamani kabisa ndio ipate nafasi. Sasa hapo kwenu kuna matanga. Watu ni wengi?"

"Ni wengi sana."

"Basi hao ndio wanamfuta mzee."

Nadhani hakukusudia kuniumiza. Aliniambia tu jinsi mashine inavyofanya kazi.

Tangu hapo sikuomboleza, nilihesabu watu kwa macho. Kila mama aliyepita na kuni kichwani alipita juu ya siku ya Tata. Kwaya iliingia ikiimba, ikatoka ikiimba, na Februari ikaenda nayo. Watoto wa majirani walikuwa wakikimbizana mlangoni, nikawafukuza wakachezee nyuma ya nyumba. Wageni nao nikawa nawaelekeza wapitie upande wa zizi, kwenye matope, na viatu vyao vya mazishi. Shangazi akanivuta kando akaniuliza kama huzuni imenipanda kichwani.

Huenda ilikuwa imenipanda.

Ningeweza kuing'oa mashine kwenye umeme mambo yakaisha. Niliishika waya kabisa. Lakini kwanza nikampigia Onchari, na hapo ndipo nilipokwama. Alikuwa amenyimwa ruhusa ya kuja. Alikuwa ameegemeza simu ukutani, kwenye chumba anacholala na wenzake, anatazama hema, anatazama watu wanavyoingia, anamwona Mama akipewa kiti.

"Usizime, Moraa," aliniambia. "Mimi matanga yangu ni hiyo tu."

Yeye alimtaka Tata wa leo, aliyelala kwenye jeneza. Mimi nilimtaka wa Januari. Nikaiachilia waya.

Nilimwomba Ouma atafute diski kubwa ahamishie kila kitu. Ya ukubwa ule ilibidi itoke Nairobi. Sikumwambia habari za Onchari, naye hakuniuliza kwa nini nisizime.

Alifika Jumapili, hema zimeshafunguliwa, uani kumebaki matope na majivu ya mafiga. Akaitoa diski ya zamani, akaiweka sikioni, akatikisa kichwa. Imechoka, akasema, isingemaliza mwaka. Akaziweka zote mbili kwenye kifaa chake cha kunakili, akatuonya tusiguse kitu, kisha tukasubiri. Mama akampa chai na ndizi za kuchemsha. Jua likazunguka nyumba.

Alipoifunga diski mpya, mashine iliuliza kwenye skrini kama tunataka kuifuta ili ianze upya. Ouma akaniita nione. "Hapa ndipo watu wanaua vitu zao. Wanaona swali, wanabonyeza yes." Akabonyeza hapana, polepole. Kalenda ikajitokeza na siku zilizorekodiwa zote zikiwa mahali pake. Nikashusha pumzi.

Kisha nikaanza kumtafuta Tata.

Shajara, mashine ile hufuta kuanzia nyuma. Kwa hiyo iliyemla kwanza ni Tata mzima. Waliobaki ni wa mwisho: Tata wa ugonjwa, nguo zimemzidi, mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine bega la Mama. Kofia iko kichwani lakini hakuna mkono wa kuiinua. Halafu siku ile gari lilipokuja kumpeleka hospitali. Halafu hema. Nimehangaika kiasi hicho, na nilichookoa ni kile ambacho ningependa kukisahau.

Nikamweleza Ouma yote, hadi ya Onchari. Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Si ungeniambia ndugu yako anaangalia? Tungezima kurekodi, kuangalia tuache iendelee. Ni kitu ya dakika moja, madam. Hata kwa simu ningekuelekeza."

Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko. Sikuwa nimelia kaburini, watu wakasema nina moyo mgumu. Nililia pale, karibu na rundo la kuni zilizobaki, kwa sauti kubwa na bila haya.

Niliporudi, Ouma alikuwa anakusanya bisibisi zake huku akiongea na Mama. Alikuwa na jambo lililomshangaza kama fundi. Diski ndogo kama ile, alisema, dukani kwake mjini hujaa kwa wiki chache. Hapa ilikaa karibu mwaka mzima bila kufuta kitu, mpaka matanga yalipoanza. "Hii boma haina watu wa kupitapita," akasema. Alikuwa anaisifu mashine.

Mama alielewa. Kiswahili chake ni cha sokoni lakini hiyo aliielewa vizuri. Akajibu kwa Ekegusii, akiwa anapangusa meza, wala hakuniangalia.

"Tulikuwa wawili."

Basi. Akaniuliza kama nitakula kabla sijarudi Kisii, maana nilikuwa sijala tangu asubuhi, na yeye alikuwa ameona.

Nimebeba hayo maneno mawili siku mbili sasa. Siku zote za matanga niliwakasirikia watu kwa kuwa wengi mno uani. Ajabu ni kwamba Januari ya Tata ilifika mpaka mikononi mwangu kwa sababu kuanzia Januari hakuna aliyekuja. Si mimi, si dada yangu Kemunto aliyeolewa Nyamache, si majirani waliojaza hema. Ulikuwa ni upweke wao ulioitunza ile diski. Kofia ile ilikuwa inainuliwa, na hapakuwa na mtu wa kuitikia.

Leo, mvua ikinyesha juu ya mabati, nimefungua simu nione nyumbani. Mama ametoka na kikapu cha majani chai. Mama amerudi. Mama amewapa kuku mahindi. Mama amesimama mlangoni kidogo, ametazama barabara, amefunga mlango. Siku yake nzima, ukiiunganisha, inaisha kabla chai haijapoa kikombeni. Baada ya hapo hakuna kitu. Hakuna kinachosonga, kwa hiyo mashine hairekodi.

Ouma aliniambia wakati wa kuagana, akiwa amefurahia kazi yake: "Kwa boma imetulia hivi, hii itakaa miaka. Hutapoteza mzee tena." Nikamshukuru. Nilidhani hiyo ni habari njema.

Lakini nimeifikiria mchana kutwa. Boma likitulia, Tata anabaki, na fimbo yake, na mkono wake kwenye bega la Mama. Maana yake ni kwamba Mama naye anabaki hivyo hivyo, peke yake, akitazama barabara na kufunga mlango.

Nimeshampigia Kemunto. Ijumaa nafunga duka mchana, nachukua wanangu, yeye analeta wake, tufike Gesima kabla jua halijatua kwa sababu Mama ni Msabato na hataki watu wasafiri Sabato ikishaingia. Na tutarudi Ijumaa inayofuata. Watoto watakimbizana pale pale mlangoni, chini ya kamera, na sitamfukuza hata mmoja.

Wakimbie mpaka diski ijae. Ikianza kufuta, najua itaanza na nani.

Ijae tu.