Siku Anko Alipotoka Kwenye Simu

Wadi Kabir,
Maskati, Omani.
16 Novemba 2025

Mpendwa dada Evodia,

Shikamoo. Mnaendeleaje hapo Bukoba? Mguu wa Mama je, bado mnaukanda kwa maji ya moto? Sisi wazima. Mume wangu Lukas anashinda gereji kama kawaida, na Aya ameota magego, anatafuna kila kitu mpaka rimoti.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu Mama huwa anasikiliza, na haya sitaki ayasikie yote.

Jana tulimwona kaka yetu Godfrey! Meli yake, ile anayofulia mashuka ya watalii, imetoka bahari ya Mediterania ikasimama hapa bandari ya Matrah siku moja. Alipewa ruhusa saa nne mpaka saa tisa. Miaka minne, dada. Amenenepa, ndevu anazo, na kipara kimeanza kama cha baba.

Nilimvalisha Aya lile gauni la njano ulilotuma. Unajua mtoto huyu amezaliwa huku, hajawahi kubebwa na ndugu hata mmoja. Godfrey alipofungua mikono, Aya alipiga yowe mpaka watalii wakageuka. Namwambia huyu ndiye Anko, ananijibu, "Siyo! Anko yuko kwenye simu."

Basi tukazunguka hivyo hivyo. Tulichukua teksi ya mzee Sleyum, Mwomani mzaliwa wa Unguja. Alituonyesha kasri la Sultani kwa nje, ngome mbili juu ya majabali, na chetezo cha ubani kikubwa kama nyumba pale Riyam. Sokoni Godfrey alimnunulia Mama ubani. Kwenye picha zote Aya amejificha shingoni kwangu. Sleyum akamtania, "Godfrey, kwani wewe una pembe?" Tukacheka, ila Godfrey alikuwa anafuta macho, anasingizia moshi wa ubani.

Mimi nilikuwa nawaza safari yetu ya Desemba tu. Mama amemngoja mjukuu huyu miaka mitatu kasoro. Yowe lile akipigiwa yeye, nitauweka wapi uso wangu?

Saa nane tulikaa kando ya bahari tunakula mishkaki. Aya akadai simu, anamtaka Anko. Godfrey akaniangalia, akanyanyuka, akaenda kusimama nyuma ya teksi. Sleyum akamrushia intaneti ya simu yake, Godfrey akanipigia simu ya video. Aya kumwona tu, kicheko! Akamwonyesha gauni.

"Anko, njoo!"

"Nakuja mama, nakuja."

Akawa anasogea huku anaongea, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Aya anatazama simu, anamtazama yeye, anarudi kwenye simu. Alipofika, mtoto aligusa ndevu za kwenye kioo kwanza, halafu akagusa za kweli. Akanyoosha mikono mwenyewe.

Godfrey alimbeba mpaka geti la bandari. Kumtoa shingoni mwake ndiyo ikawa kazi.

Kwa hiyo dada, tarehe 20 Desemba tukitua hapo Bukoba, nakuomba umzuie Mama asitukimbilie. Simameni mbali kidogo, mnipigie simu ya video, ndipo mje polepole mkiongea na Aya. Na mguu wa Mama wenyewe unataka polepole.

Lukas anawasalimu sana. Msalimie shemeji na watoto. Mungu atufikishe siku hiyo salama, na simu yako iwe na chaji.

Mdogo wako anayewapenda mno,
Winifrida