Kaburi Tulilomwonyesha Aleki

Jumamosi jioni, Bukoba.

Mvua ilianza kijijini kwetu Kagoma saa nne asubuhi, ikakatika, ikarudi. Nimefika mjini na matope hadi magotini, nimeoga mara mbili, na bado najiona mchafu.

Nianze na kitenge. Ukoo mzima leo tumevaa kitenge kimoja cha kijani, na vijana wamevaa fulana zilizoandikwa "Shujaa Wetu". Shujaa mwenyewe ni Babu Gosbert, baba yake baba yangu, aliyepigana Burma katika Keya, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika. Tumemfanyia misa ya kumbukumbu, maturubai mawili, mbuzi sita, na spika za kusikika hadi Ijumbi. Nimekulia katika nyumba ya Babu na sikumbuki hata siku moja mtu wa ukoo huu akimwita shujaa. Walimwita mzee wa koti, kwa sababu ya lile koti lake la jeshi alilolivaa hata jua likiwaka.

Yote haya ni kwa ajili ya mgeni. Anaitwa Elspeth, mwanamke wa makamo kutoka Uskoti, mpole, anayeomba radhi hata kiti kikimwangukia yeye. Babu yake, Aleki, alikuwa katika kikosi cha watu wa milimani, wale ambao Babu alituambia huvaa sketi kwenye gwaride, nasi wajukuu tukacheka hadi tukagaagaa. Kule Burma Aleki aliugua homa, Babu akamuuguza kwa wiki nzima kama mtoto. Walipokaribia kuachana wakafanya omukago.

Kwa wasio Wahaya: mnachukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili. Kila mmoja anajichanja kidogo tumboni, anaipaka punje yake damu, na mwenzake anaimeza. Basi, mmekuwa ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja. Mlango wake ni wako, watoto wake ni wako. Na ukimkana kwa mdomo wako, tumbo litavimba mpaka likuue. Babu alituambia hayo mara nyingi, akiwa amekaza uso. Juu ya kabati aliweka kopo la kahawa ya kutafuna ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Kila msimu alimwaga ya zamani akajaza mpya. Ni ya Aleki, alisema, siku akija.

Aleki alikuja.

Hili sijawahi kuliandika popote, wala kumwambia mume wangu, wala padri.

Nilikuwa darasa la tano. Mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, na wakati ule kila kitu kilikuwa cha kijiji: duka la kijiji, shamba la kijiji, redio ya kijiji. Baba mkubwa Projesti, mtoto wa kwanza wa Babu, alikuwa anautaka uenyekiti wa kijiji kiasi cha kukosa usingizi, na mkutano wa kuchagua ulikuwa wiki iliyofuata. Kwenye mikutano alikuwa akisimulia jinsi mkoloni alivyomkamata baba yake kwa kamba kumpeleka vitani, na jinsi mzee anavyowachukia mabeberu hadi leo. Babu alijiandikisha mwenyewe, kwa miguu yake. Lakini nani angembishia Baba mkubwa?

Siku hiyo mzungu alipanda mlima kwa miguu kutoka barabara kuu, kofia mkononi, shati limelowa jasho. Alizungumza Kiswahili cha kambini.

"Mimi natafuta Gosibati. Yeye ndugu yangu. Sisi nakula kahawa moja."

Babu alikuwa shamba la kijiji anapalilia mahindi, mwendo wa nusu saa. Nilishainua mguu kwenda kumwita. Baba mkubwa akanishika shingo kwa nyuma, vidole viwili, akaminya. Akaninong'oneza kwa sauti ya mapenzi kabisa: "Mwana wange, mwambie Babu amekufa."

Yeye mwenyewe hakufungua mdomo. Miaka mingi nilidhani ni woga wa kusema na mzungu. Hapana. Aliuogopa omukago. Pamoja na hotuba zake zote za kufuta mila zilizopitwa na wakati, hakuthubutu kumkana ndugu wa Babu kwa ulimi wake, akaazima wa mtoto wa miaka kumi na moja.

Nikasema. Amekufa.

Mzungu alikaa chini pale pale uani. Alilia bila kujificha, jambo ambalo sikuwa nimemwona mwanamume mzima akilifanya. Kisha akaomba aonyeshwe kaburi. Sisi huzikana kibanjani, kati ya migomba, kwa hiyo huwezi kusema kaburi liko mbali. Baba mkubwa akanisukuma kwa vile vile vidole hadi kwenye kaburi la mama yake Babu. Aleki akasimama wima kwenye mvua ya rasharasha, akampigia saluti bibi kizee ambaye maisha yake yote alikimbilia jikoni akimwona mzungu. Akapiga picha. Akaweka pakiti ya tumbaku juu ya mawe, akashuka mlima kwenda kutafuta gari la Kemondo.

Tumbaku ile Baba mkubwa aliichukua kabla hata mtu yule hajafika barabarani.

Jioni alimpa Babu kidogo. Babu akajaza kiko chake, akavuta, akafumba macho. "Hii imenirudisha vitani," alisema. "Umeipata wapi, mwanangu?" Baba mkubwa akamjibu kwamba ni ya dukani, Bukoba mjini. Nilikuwa nimeketi hapo hapo namenya ndizi. Nikaendelea kumenya.

Wiki nzima nilijipima tumbo kwa kamba ya mgomba. Halikuvimba. Babu aliishi miaka tisa zaidi, na kila msimu wa kahawa alijaza kopo lake. Baba mkubwa aliupata uenyekiti. Nami nikawa kiranja wa chipukizi wa chama, nikapewa skafu ya kijani, nikafurahi nayo kweli kweli. Naandika hili ili lisomeke vizuri: nilifurahi.

Sasa leo.

Baba mkubwa ana miaka themanini na kitu. Tumbo limevimba kweli, lakini ni la bia na makongoro. Barua ya Elspeth ilipofika parokiani, yeye ndiye aliyeunda kamati, akajiweka mwenyekiti, akaamuru kaburi la Babu liwekwe vigae. Asubuhi nilimwona akilipanga shada la maua kwa mikono yake, akilisogeza huku, akilirudisha kule, hadi likafunika mwaka wa kufariki.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Kwa hiyo nani mkalimani?

Baba mkubwa alishika maikrofoni, akainua kopo. Si lile la Babu, hilo lilitupwa siku ya matanga. Hili ni la unga wa maziwa, limepakwa rangi, na kahawa imenunuliwa sokoni juzi. Akasema mzee alimtunzia Aleki kopo hili na familia ikalilinda kama macho yake. Nikatafsiri. Akasema, "Mimi sijawahi kumkana ndugu wa omukago kwa mdomo wangu." Watu wakapiga makofi. Alinitazama aliposema hivyo, mzee yule, na nadhani alitabasamu. Nikatafsiri na hilo. Elspeth akatafuna punje moja, machozi yakamlengalenga, nami nikashika nguzo ya turubai.

Pale kaburini Elspeth akatoa picha ya zamani, ile aliyoipiga babu yake. Akaangalia vigae, akaangalia mawe ya pichani, akauliza kwa nini havifanani. Baba mkubwa akanigeukia bila hata kufikiri. "Mwambie tulilijenga upya." Nikamwambia. Kaburi la mama yake Babu lilikuwa hatua ishirini nyuma yetu, limemezwa na majani.

Kinachonitia kinyaa zaidi hakikuwa hapo. Kilikuja wakati wa chakula.

Elspeth alikuja kukaa karibu nami na ile picha. Kwenye picha kuna msichana amesimama kando ya kaburi, sare ya shule, kichwa chini. Shingoni mwake kuna mkono wa mtu mzima, mwenye mkono amekatwa na ukingo wa picha. Elspeth akasema babu yake aliiweka mezani kwake hadi alipofariki, na alimwonea huruma sana binti yule aliyebebeshwa habari nzito namna ile. Alisema mzee alikuwa akijifariji kwa huo mkono. Angalau kulikuwa na mtu mzima akimtuliza mtoto.

Akafungua mkoba, akatoa bruchi, pini ya fedha ya kupambia nguo, iliyokuwa ya bibi yake. Babu yake alimwagiza ampe yule binti akipatikana, kwa sababu kwa omukago ni mtoto wao pia.

"Unamfahamu?" aliuliza.

Baba mkubwa alikuwa turubai la pili anapambana na mguu wa mbuzi. Hakusikia. Hakuna mtu wa ukoo aliyesikia, na hapo mezani hakuna mwingine aliyejua Kiingereza. Ningeweza kusema lolote. Nilikuwa nayo, sentensi nzima, nimeibeba zaidi ya miaka hamsini.

"Alikufa," nilisema. "Zamani sana."

Elspeth akaniwekea mkono begani, akaniambia pole. Bruchi akairudisha kwenye mkoba.

Safari hii hakuna aliyenishika shingo.

Nimekuwa nikimchukia Baba mkubwa tangu utotoni, na leo njia nzima kutoka Kagoma nilitafuta namna ya kuendelea kumchukia yeye peke yake. Sikuipata. Elspeth hakuomba kuonyeshwa kaburi la binti. Angeomba, najijua, macho yangu yangeanza kutafuta rundo la mawe la kufaa.

Naiweka hii kwenye blogu. Wajukuu wa Baba mkubwa wana simu, watamsomea. Waache wasome.

Elspeth haelewi Kiswahili, kwa hiyo kuandika hapa si kumwambia. Ndege yake ni Jumatatu asubuhi. Hoteli yake iko dakika kumi kwa miguu kutoka hapa nilipokaa, na kesho baada ya misa sina kazi yoyote. Nikifika mlangoni kwake, nianze kumfufua nani: Babu, au mimi?