Safari Yangu na Mumeo

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile jino limekubali ulale. Mimi nimefika salama. Midomo imepasuka kwa upepo na nywele zina vumbi lisilosikia sabuni, lakini chumba nilichopewa hapa hospitali kina dirisha zuri, na maabara nitakayofanyia kazi ni safi kuliko nilivyotarajia. Watoto hawajambo? Waambie mama yao mdogo amewakumbuka.

Sasa nije kwenye lile uliloniomba. Uliniambia nimchunguze mumeo njia nzima, kwa kuwa ulishachoka na simu anazotoka kupokelea nje, na jinsi alivyoacha kutembea nawe jioni. Ukashangaa pia alivyokimbilia kunileta huku, yeye ambaye kukupeleka sokoni tu ni mpaka umbembeleze. Nilikuahidi nitakuwa macho, na nilikuwa macho mpaka yakaniuma.

Lami iliishia tulipomaliza kupanda milima. Kule juu ni uwanda mtupu: changarawe nyeusi, majabali, mabonde ya chumvi iliyokauka, na baridi inayokukata huku jua linakuunguza. Njia si moja. Ni alama za matairi zilizotawanyika kama nywele zilizofumuliwa, na kila dereva anachagua yake. Shemeji hakuacha kuniuliza maswali. Lile jabali refu liko upande gani? Alama zinapinda au zinanyooka? Nikajua ananishughulisha ili nisipate nafasi ya kumuuliza yangu. Na kila simu iliposhika mtandao alisimamisha gari, akaenda nyuma ya mawe kuongea. Mara moja upepo uliniletea maneno yake: alikuwa anamwambia mtu kwamba atafika, na kwamba mke wake hajui. Nikayaweka moyoni kwa ajili yako.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni iliyo peke yake katikati ya uwanda. Mwenye nyumba ni mjane wa makamo, mcheshi, wanja machoni. Jua lilipokuwa linazama nilichungulia dirishani, nikamwona anavuka ua na mumeo, wameshikana mikono, wanatembea polepole kama maharusi. Dada, damu ilinichemka. Chakula cha yule mama sikukigusa, na salamu yake niliijibu kwa ncha ya ulimi.

Asubuhi tuliondoka jua likitupiga usoni. Maneno yangu nilikuwa nimeshayapanga, nangoja tu tuvuke bonde la chumvi nimpasulie. Mbele yetu palikuwa na lori limeharibika, na dereva wake kasimama katikati ya njia anapunga fulana. Mahali peupe vile, mtu huyo alionekana toka mbali. Lakini gari halikupunguza mwendo. Nikamgeukia shemeji: ametulia, anaendesha zake. Nikapiga kelele, nikauvuta usukani. Tuliserereka kwenye changarawe, yule mtu akajirusha kando, tukasimama karibu kabisa na ubavu wa lori.

Shemeji alizima injini. Hakuniuliza kwa nini nimeshika usukani. Aliniuliza, “Nimemgonga?”

Nikamwambia hapana. Akalaza paji la uso kwenye usukani, akanieleza yote pale pale, dereva wa lori akitutukana dirishani. Macho yake yanakufa, dada. Jua likimpiga usoni haoni kilicho mbele, na giza likianza kuingia haoni kabisa. Ndiyo maana jioni hatoki nawe. Yule mjane alimshika mkono kwa sababu alimwona amejikwaa kwenye ndoo uani. Simu zote zilikuwa za daktari wa macho wa hospitali hii, aliyemchagua kwa kuwa huku hakuna anayemjua.

Tulimpakia dereva wa lori aje kutafuta kipuri. Usukani niliushika mimi, na unajua ninavyoendesha. Shemeji alikaa pembeni akisikiliza injini na kuniambia lini nibadili gia, na mara moja alinicheka.

Jana daktari alimpima. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakuna ajuaye kitadumu mpaka lini. Kuendesha gari amekatazwa kabisa.

Aliniomba nisikwambie. Alisema shule zikifunguliwa ataendelea kuendesha lile basi lake la wanafunzi muhula mmoja tu, njia yenyewe anaijua kwa moyo, huku akitafuta kazi nyingine. Nikamwapia kwamba nitanyamaza, na sasa nakivunja kiapo changu. Basi lile lina watoto wa watu, dada, na wa kwako wanakaa kiti cha mbele kabisa, nyuma ya baba yao. Mwanamke hayupo. Nilipodhani yupo nilikuwa tayari kumchukia shemeji. Leo sijui niuweke wapi moyo wangu.

Gari nimebaki nalo, na ufunguo ninao. Atarudi kwa basi la abiria, na atakuambia injini imekufa. Injini ni nzima. Barua hii naituma kwa yule dereva wa lori, ambaye sasa tunacheka naye; amepata kipuri na anashuka huko leo, ili imtangulie shemeji. Ukimaliza kuisoma nenda kwa mwalimu mkuu, usisubiri shule zifunguliwe. Shemeji akikasirika, anikasirikie mimi.

Nibusie watoto. Waambie baba yao yuko njiani. Hayo mengine mwache awaambie mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda,

Kasuku