Sauti ya Nishimwe kwenye Barabara ya Buhene

Goma, mtaa wa Ndosho,
Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Byiringiro,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hamjambo huko Kampala? Mkeo Igiraneza anaendeleaje na mimba yake, miguu bado inamvimba? Sisi tu wazima. Magoti ya mama yanamsumbua, na tangu vita viingie mjini mwezi wa kwanza usingizi wetu ni wa mang'amung'amu, lakini tunakula na paa halikutobolewa. Barua hii inabebwa na mama Mukagasana, anayevuka Bunagana keshokutwa na mizigo yake. Usiucheke mwandiko wangu, wewe mwenyewe hujaandika tangu Krismasi.

Sasa kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unaikumbuka ile kompyuta ndogo uliyomtumia ndugu yetu Nishimwe, ile inayoenea kiganjani. Aliifunga ndani ya gari la marehemu baba, akaifundisha kutaja, kwa sauti yake aliyoirekodi palepale, kila mahali gari linapofika: "Hapa Kituku, mununue samaki." Tulimcheka sana. Stata ikivuta umeme gari linapowashwa, kompyuta ilikuwa inazimika, kwa hiyo aliiwekea kabetri ka pembeni ka kuishikilia.

Jioni ile ya volkano, Mei 2021, alikwenda na gari Buhene kumtoa shangazi Philomène. Asubuhi jirani yetu Honoré alilikuta kando ya barabara, ufunguo ndani, lava imesimama mbele yake inafuka moshi. Nishimwe hakuonekana, wala shangazi. Honoré alilileta nyumbani, na lilipoingia uani likasema kwa sauti ya Nishimwe: "Tumefika nyumbani, karibuni." Mama alitoka mbio bila viatu.

Ndiyo maana alikataa matanga, jambo ambalo kwenye simu tulikuwa tunalizungukazunguka. Alisema, "Mutu mwenye anaongea, hatumulilie." Karibu miaka minne nafua mashati ya mtu asiyeyavaa. Kila Jumapili mama ananiomba nimzungushe mjini, na kila sauti anaiitikia: "Ndiyo, mutoto yangu." Barabara ya Buhene tu ndiyo alikataa tusiikanyage.

Mimi, sikufichi, niliogopa gari lile. Siku mji ulipoanguka, mtaa wote umenyamaza, hakuna umeme, limesimama tu uani bila mtu ndani, lilisema mara tatu: "Tumefika nyumbani, karibuni." Papa Evariste, fundi wa hapa Ndosho, anasema setilaiti inayoionyesha kompyuta mahali ilipo huyumba, kompyuta ikadhani gari limetoka na kurudi. Labda. Mimi nilijifunika shuka kichwani.

Mwezi uliopita sauti ikaanza kukwama kila tukiwasha. Papa Evariste akafungua, akakuta kabetri kamevimba. Kisha akamwambia mama jambo baya zaidi: "Kadi ya kuweka sauti ilishakufaka, mama. Maneno yote iko tu mu kichwa ya machine. Courant ya betri ikikatika hata seconde moja, mutoto haongei tena." Mama alishika ukuta.

Na juma lilelile tukaambiwa bibi Nyirakamana anaumwa Rutshuru. Barabara ilikuwa imefunguka, lakini inapita Buhene, na kwenda lazima kuwasha gari. Mama alilia siku mbili, halafu akasema mama yake hawezi kufa peke yake.

Papa Evariste alileta betri ya moto-taxi, zile mnazoziita bodaboda, na diodi, kale kadude kanakopitisha umeme upande mmoja, ili stata isiunyonye wa kompyuta. "Kwanza tunaunga, nyuma tunakata," alisema. Akaunga ile mpya, ndipo akakata ya zamani. Mama alikuwa ameweka mkono juu ya kompyuta kama anapima homa. Nikazungusha ufunguo. Stata ikakoroma, taa za gari zikafifia hadi karibu zife, injini ikashika. Kataa ka kijani ka kompyuta hakakutikisika.

Tulifika Buhene saa tatu asubuhi, mawe meusi huku na huku. Ndipo sauti ikasema maneno ambayo hatujawahi kuyasikia, kwa sababu huzungumza gari likifika mahali, si likiondoka, na tangu Honoré aliondoe halikuwa limerudi pale.

"Mama, naacha gari hapa. Moto imefunga njia. Naingia na miguu, shangazi anaita. Nikikosa kutoka, musiningoje."

Na nyuma ya sauti yake, Byiringiro, kweli kulikuwa na mwanamke anayeita.

Nilisimamisha gari. Nikamuuliza mama kama nirudi nyuma kidogo, nifike tena, ili tuyasikie mara ya pili. Akasema, "Hapana. Yeye alishasema. Ni siye tulikuwa hatufiki." Akashuka, akaketi juu ya mawe, akalia kwa sauti kama watu wanavyolia siku ya kwanza. Watu wa moto-taxi tusiowajua walisimama, wakaja kuketi nasi chini bila kuuliza ni nani.

Bibi tulimkuta hai, sasa anakunywa uji. Matanga ya Nishimwe ni Jumamosi hii. Njia ikikushinda, keti chini hukohuko na wewe, umlilie.

Nilidhani mama atasema kompyuta izimwe. Amekataa. Anasema iwake mpaka ufike, akupeleke Buhene, kwa maana hata wewe bado unamngoja Nishimwe.

Msalimie Igiraneza, na Gradi, na Bénédicte, na wengine wote wa kanisani. Mungu awafunike kwa mkono wake na awape mtoto salama.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,
Emerance