Gauni la Kuku Kichwa Chini

Mama Lusajo, fundi wangu,

Leo Jumamosi nimefunga kibanda mapema. Ungekuwepo ungenigombeza, maana Jumamosi ndiyo siku watu wa Makwale wanachukua nguo za kanisani. Lakini nina jambo, na wa kumwambia ni wewe tu.

Tangu tukuzike, mengi yamebadilika na mengine yamekataa. Mwanao Lusajo aliniachia cherehani yako ya miguu. Nimenunua na ya umeme, ila umeme ukikatika narudi kwenye yako, na yenyewe hainuni. Jirani bado anaanika kakao barazani kwetu. Wateja bado wanalalamika kwamba magauni yao yananuka kakao, nami nawajibu kama wewe, kwamba harufu hiyo hatuwatozi.

Na sekondari bado inatuletea wanafunzi wakati wa likizo, waonje kazi kabla hawajachagua maisha. Unakumbuka nilivyokuja? Kidato cha tatu, maringo mengi, hata kutia uzi kwenye sindano sijui. Mwenzangu niliyekuja naye alikaa wiki moja akasema kazi hii inamuumiza mgongo. Nikajua utamfokea. Wewe ukampa mkono. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Umeshajua hutaki, nenda kajaribu kwingine." Leo ni muuguzi, na nguo zake anashonea kwangu.

Mimi nikabaki. Gauni langu la kwanza nililishona kwa vipimo vyako, kwa sheria yako: nguo ya kwanza ya mwanafunzi inavaliwa na fundi, kanisani, bila kufumuliwa hata mshono mmoja. Mkono wa kulia nikauweka kushoto, wa kushoto nikauweka kulia. Jumapili ile kwaya ilipoinua mikono, yako iligoma mabegani. Nilitamani ardhi ipasuke. Nje, kina mama walikuzunguka wakikuuliza nani kakushonea kituko kile. Hukusema "mwanafunzi". Ulisema, "Fundi wangu huyu hapa," ukanivuta mbele. Walicheka, na wewe ukacheka kuwashinda. Siku ile ndipo nilipoichagua kazi hii, Mama, wala si siku nilipojua kushona.

Sasa ninaye Atupele, binti wa Katumba Songwe. Anaipenda kazi, mpaka chakula anasahau. Jana amemaliza gauni lake la kwanza, kwa vipimo vyangu, kitenge chenye picha za kuku. Mshono umenyooka hadi nikamwonea wivu. Tukalitundika. Kuku wote, Mama, wote, vichwa chini miguu juu. Kitambaa alikikata kimegeuka, nami nilikuwa nahangaika na zipu ya mteja, sikuona. Alilia, akakunja daftari lake, akasema kazi hii si yake, anarudi kwao.

Sikufichi, niliogopa. Wewe ulikuwa Mama Lusajo, jina lako lilishakaa. Mimi watu bado wananipima. Nani atamletea kitenge chake fundi aliyevaa kuku waliopinduka? Nikawaza kwenda dukani kuchukua kingine kama kile, nishone mwenyewe, nivae hicho. Nikakaa kwenye kiti chako kufikiri. Hapo ndipo nilipojiuliza kama na wewe uliogopa siku ile. Nadhani uliogopa. Mafundi walikuwa wengi sokoni, na wateja walikuona wote. Hukuwahi kuniambia.

Asubuhi nilimwambia Atupele aondoke Jumatatu akipenda, lakini kesho atakaa kando yangu kanisani. Alilitazama lile gauni, akanitazama, akasema, "Kweli utalivaa, dada?" Nikamwambia alete pasi.

Nakukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika. Pumzika, fundi wangu. Nakuahidi gauni hili sitalifumua. Kesho watanizunguka pale nje, na wakiniuliza nani kanishonea, jibu ninalo. Uliniachia pamoja na cherehani.

Mwanafunzi wako,
Tusajigwe