Koti la Kaka Amani

Mdogo wangu Neema,

Sijamwambia mtu: tulimzika kaka Amani na ufunguo wa sarafu zake za kidijitali. Hapa Njombe tu wazima, baridi tu.

Umeuliza kwa nini kile kifaa chake kama flashi, kinachotunza ufunguo wa sarafu, hakifunguki. Namba ya siri ya kukifungua alikuwa nayo kichwani. Maneno ya siri ya akiba, ya kufungulia sarafu namba ikipotea, aliyaandika kwenye karatasi, nikamshonea ndani ya koti, yasiingie kwenye simu wezi wa mtandaoni wakayaona.

Siku ya mazishi bibi alisema, "Mvisheni koti lake, huko chini kuna baridi." Wazee walijaa, nikaona aibu kusema.

Sarafu alizifungia mtandaoni zizae faida, ajenge nyumba ya mama. Bado zinazaa, naziona kwenye simu, hazitoki.

Usimwambie bibi. Kila asubuhi ya umande husema, "Afadhali mjukuu wangu ana koti."